Shahidi wa Usiku



Jua likishatua, kila mlango hufungwa, na yale yatokeayo ndani ya nyumba hadi alfajiri hayajulikani ila na Mwenyezi Mungu pamoja na wale walalao humo. Murongo, mahali ninapokaa, pako ukingoni mwa Mto Kagera katika wilaya ya Kyerwa, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe. Ng'ambo ya mto ni Kikagati, nchi ya Uganda. Mchana watu huvuka huku na huko na ndizi zao, kahawa yao na maharage yao. Usiku husikika maji ya mto na mbwa, basi. Katika kimya hicho ndimo mtoto wetu wa kiume, alipokuwa na umri wa miaka saba, alimoanza kuamka kwa kishindo.

Ningependa tufikiri pamoja juu ya swali ambalo jambo hilo lililazimisha nyumbani kwangu. Mtoto anaugua usiku, naye tabibu anafanya kazi mchana. Asubuhi mtoto apelekwapo zahanati huwa anacheka, anacheza na mlango, macho yake maangavu. Tabibu hawezi kuuona ugonjwa. Aweza tu kulisikia neno la mzazi. Je, neno hilo ni mali ya mzazi, alitumie apendavyo, apunguze hapa na kuongeza pale? Au ni amana, yaani kitu cha mwingine kilichowekwa mikononi mwake kwa muda?

Huenda ukasema kwamba jibu ni wazi, kwani nani asiyejua kuwa kusema uwongo ni vibaya? Nami nilisema hivyo hivyo, tena nilikuwa nikiwafundisha wengine. Nisikilize kwanza.

Mara ya kwanza tulipompeleka mtoto, nilimweleza mganga wa zahanati kwamba mtoto halali vizuri. Kabla sijamaliza sentensi ya pili alikwisha andika dawa ya minyoo. Siwezi kumlaumu sana, kwa maana foleni ilifika nje hadi chini ya mwembe, na minyoo midogo kweli huwasumbua watoto usiku, kwani ndio wakati watokao kutaga mayai. Mara ya pili, katika kituo kingine, mtoto alipimwa malaria, akaonekana hana. Mara ya tatu tulivuka mto tukapewa dawa nyingine Kikagati, na niliporudi upande wetu sikumwambia yeyote juu ya dawa hiyo. Hivyo kwa muda wa wiki mbili mwanangu alikuwa na dawa za nchi mbili tumboni, na kila tabibu akidhani yu peke yake.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Yako mambo matatu niliyoyaficha kwa makusudi. La kwanza ni kwamba mama yangu mzazi, ambaye tunakaa naye, alikuwa akimpa mtoto maji ya majani fulani kila jioni, aliyoyapata kwa mfumu. La pili, marehemu kaka yangu alikuwa na kifafa tangu utoto wake, na ukoo wetu wote ulikubaliana kusema kuwa aliungua kwa ajali ya kawaida ya jikoni, ili dada zetu wasikose kuolewa. La tatu, nami naona haya kuliandika, ni kwamba katika usiku ule mbaya mimi mwenyewe nilikuwa nimempa mtoto dawa ya mafua, si kwa kuwa alikuwa na mafua, bali kwa kuwa nilijua inaleta usingizi.

Mara ya nne tulikwenda hospitali, safari ya kutwa nzima kwa basi na pikipiki. Daktari aliyetupokea alikuwa binti wa umri wa kuwa mwanangu. Akanisalimu, "Shikamoo, baba," akanipa kiti, akafunga mlango. Kisha akaanza kuuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza. Anaamka saa ngapi, mapema baada ya kulala au karibu na alfajiri? Hukaa hivyo kwa muda gani? Macho yako wazi? Kila mara hufanya jambo lile lile kwa namna ile ile, au hubadilika? Je, ulimi umewahi kuwa na jeraha asubuhi? Kitanda huloa? Anakumbuka? Akakoroma je, na kuna wakati anaonekana kama aliyekatika pumzi?

Nikamwuliza kwa nini anataka yote hayo. Akanieleza kwa utulivu, na maelezo yake yafaa yajulikane na kila mzazi. Mtoto aliyeota ndoto mbaya huamka kweli kweli, mara nyingi sehemu ya mwisho ya usiku, akamtambua mama yake, akaweza kusimulia alichokiota. Mwenye hofu za usiku huwa tofauti: katika saa za kwanza za usingizi hukaa au husimama, hupiga kelele, macho yake wazi lakini hakujui wewe, naye asubuhi hana habari, jambo hili hutisha kulitazama, lakini watoto walio wengi hulikua na kuliacha. Mwenye mafindofindo makubwa hukoroma, hulala kwa kujipindua, pengine hukojoa kitandani, na mchana huwa mkali au mtukutu kwa sababu usiku hakupumzika. Mwenye upele hujikuna zaidi joto la blanketi likimpata. Ama kifafa cha usingizini, huwa kifupi, hufanana kila kinapokuja, na chaweza kuja mara kadhaa katika usiku mmoja. Tena akaniambia jambo lililonishangaza: kwamba kipimo cha umeme wa ubongo kipo katika hospitali kubwa za mbali, lakini mtu mwenye kifafa aweza kupimwa na kipimo kisionyeshe kitu, kwa hiyo hata akiwa na mashine hiyo bado angehitaji kumsikiliza yule aliyekuwapo.

"Baba," akasema, "macho yangu ya usiku ni wewe."

Hapo nikayaeleza maswali yake yote, na bado nikayaficha yale mambo matatu.

Sasa tufike kwenye kiini cha swali. Sikuyaficha kwa ubaya. Niliyaficha kwa sababu zilizoonekana kuwa za wema, na zaidi ya moja zilikuwa na sura ya dini. Kumtaja mama yangu mbele ya mgeni kuwa alimwendea mfumu, je, si kumwaibisha mzazi? Kumtaja kaka yangu aliyekwisha kufa, je, si kufukua aibu ya maiti? Sote tumefundishwa ya kuwa anayesitiri aibu ya Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri yeye. Nilijiona mtu wa sitara.

Yafaa hoja hii ipimwe kwa haki, kwa kuwa ni hoja yenye nguvu, na watu wengi wema wanasimama juu yake. Sitara ni fadhila ya kweli. Jamii ambayo kila mtu hutangaza kosa la jirani yake haikaliki. Lakini tujiulize: sitara ni ya nani, na nani anailipia? Nikisitiri kosa la jirani ambalo limekwisha, wala halimdhuru mtu, nimelipa mimi mwenyewe kwa kuuzuia ulimi wangu. Nikisitiri majani ya mama yangu mbele ya daktari, anayelipa si mimi wala si mama. Anayelipa ni mtoto wa miaka saba ambaye hakuulizwa. Ukarimu wa mtu anayegawa mali ya mwingine hauitwi ukarimu. Nimeliwaza jambo hili mara nyingi nikitembea kando ya mto, wala sijaona mlango wa kulikwepa.

Tena Kurani Tukufu imelisema jambo la ushahidi kwa namna isiyoacha nafasi. Katika Sura Al-Baqara tunakatazwa kuuficha ushahidi, na moyo wa mwenye kuuficha unatajwa kuwa wenye dhambi. Na katika Sura An-Nisaa waaminio wanaagizwa wasimame imara katika uadilifu, wawe mashahidi hata kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zao wenyewe, au wazazi, au jamaa wa karibu. Nilikuwa nimezisoma aya hizo miaka mingi nikifikiri juu ya mahakama na mirathi. Haikunijia kabisa kwamba chumba kidogo cha daktari, chenye meza moja na pazia la kijani, nacho ni mahali pa kutoa ushahidi. Wala sikuona kwamba zile aya zimewataja watu wale wale niliokuwa nikiwalinda: nafsi yangu, mzazi wangu, ndugu yangu.

Lakini kusema kweli si lazima kuwe kushtaki, na hapa ndipo nilipokosea zaidi. Nilidhani njia ni mbili tu, kumwaibisha mama au kunyamaza. Tuliporudi mwezi uliofuata nilimwendea mama kwanza. Sikumgombeza. Nikamwambia kwamba daktari anahitaji kujua kila kilichoingia tumboni mwa mtoto, kizuri na kibaya, kwa kuwa dawa hukutana ndani na nyingine hugombana. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema atakuja mwenyewe. Akaja na majani yenyewe, yamefungwa katika kitambaa, akayaweka juu ya meza ya daktari. Yule binti akamwinamia, akamwamkia, akamshukuru, akamwuliza jina la mti kwa Kinyambo, akaliandika. Hakucheka, wala hakumhutubia. Akasema tu kwamba mitishamba mingine yaweza kuumiza ini la mtoto au kuchochea mshtuko, na akamwomba aiache wakati wanapochunguza. Mama aliiacha. Naamini kama daktari angelicheka, mama angeliendelea kwa siri, nasi tusingelijua kamwe.

Habari ya kaka yangu nilimweleza siku hiyo hiyo, sauti yangu ikikatika. Hapo kalamu ya daktari ilisimama, akanitazama. Jambo ambalo ukoo ulilificha kwa miaka thelathini lilikuwa ndilo alilokuwa akilitafuta.

Ama lile la tatu, la dawa ya mafua, nalo lina swali lake. Mtoto asipolala, mzazi naye halali. Na mzazi asiyelala wiki tatu hawi mtu yule yule. Wapo wanaompa mtoto dawa zenye kuleta usingizi, na katika mkoa wetu wa Kagera wapo hata wanaoonjesha mtoto tone la rubisi ili atulie. Msomaji, unapofanya hivyo unatafuta usingizi wa nani? Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi katika siku moja, na hitaji hilo ni lake, si letu. Mtoto aliyelevywa amenyamaza, lakini hakuponywa. Tena ile dalili ambayo ingemwonyesha daktari njia imefunikwa. Simlaumu mzazi aliyechoka. Nasema tu kwamba uchovu wake aupeleke nao kwa daktari, auseme kama ulivyo, kwani nao ni sehemu ya ugonjwa wa nyumba hiyo. Nilipokiri jambo hili, yule binti aliuliza, "Na wewe, baba, umelala lini?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo.

Mtoto akaanzishiwa dawa ya kifafa, ya kunywa kila siku, tukaonywa kwa mkazo tusiikate ghafla. Kukatishwa ghafla kwa dawa za namna hii kwaweza kuleta mishtuko mikali kuliko ya kwanza. Baada ya miezi michache usiku ukatulia, na hapo likaja jaribu ambalo sikulitarajia. Rafiki yangu mmoja, mtu mcha Mungu kuliko mimi, akaniambia, "Mungu amemponya. Kuendelea kumpa vidonge ni dalili ya kumtilia shaka Mponyaji." Maneno haya yalinichoma, kwa kuwa nilitaka yawe kweli. Nani asiyetaka mtoto wake awe ameponywa?

Jibu letu ni hili. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kama watafute dawa, aliwaagiza watafute, akawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake, isipokuwa uzee. Na yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kamba na kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Basi kidonge cha jioni ni ile kamba. Kukifungua kwa ajili ya kuonyesha imani ni kumfanya mtoto kuwa kipimo cha imani ya baba yake, na hakuna mahali dini ilipotupa haki hiyo. Mtu akitaka kuipima imani yake, aipime katika mwili wake. Nikamjibu rafiki yangu kwa upole, naye hakuridhika, nasi tumebaki marafiki. Swali la lini dawa ipunguzwe nilimwachia daktari, pamoja na kumwambia waziwazi kwamba nilishawishika kuikata. Hilo nalo lilikuwa ushahidi.

Huenda mtu akauliza: mbona mzigo wote mnamtwika mzazi? Je, daktari hana deni? Analo, tena kubwa. Watu wa pande hizi za Ziwa hawakuanza kuwaogopa waganga wa kizungu bila sababu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale, ambao humfanya mtu asinzie mchana na kukesha usiku, uliua watu wengi mno kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1906 na 1907 mtaalamu mashuhuri wa Ujerumani, Robert Koch, alifanya majaribio ya tiba katika visiwa vya Sese, Uganda, kwa dawa iitwayo atoksili, iliyokuwa na sumu ya zarniki. Kipimo kilipoongezwa, baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Mgonjwa aliyetoa mwili wake alistahili kuambiwa, "Hatujui bado." Pwani nako wazazi wengi waliogopa sindano kwa mtoto mwenye degedege, wakiamini itamuua, na mara nyingi hakuna aliyekaa chini kuwaeleza vinginevyo, wakakaripiwa tu.

Lakini upo na mfano mwingine, wa nchi yetu wenyewe. Huko Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliwakuta wenye kifafa wakila peke yao na kuogopwa, kwa kuwa watu waliamini ugonjwa huo huambukiza. Akawafungulia kliniki. Akawasikiliza jamaa zao waliomweleza juu ya watoto wanaotikisa kichwa, jambo ambalo mgeni angeweza kulipuuza kama kusinzia kwa mtoto aliyechoka. Yeye akaliandika. Miongo mingi baadaye, watoto wa namna hiyo walipoonekana kwa wingi Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda, wazazi wao wakisimulia jinsi mtoto anavyoanza kutikisa kichwa sahani ya chakula iwekwapo mbele yake, wataalamu waliyarudia yale maandishi ya Mahenge. Elimu hiyo yote ilianza na mzazi mmoja kusema alichokiona na daktari mmoja kutomkatiza.

Hivyo deni la daktari ni kusikia hadi mwisho, kutocheka, na kukiri asipojua. Akilikataa deni hilo, je, mzazi naye amefunguliwa kutoka deni lake? Sidhani. Yule mganga wa kwanza aliyenikatiza alikosa, lakini sikumwambia, "Ndugu, sijamaliza." Nilichukua dawa ya minyoo nikaondoka, na kwa kweli moyoni nilifurahi kwamba sikulazimika kufika kwenye habari ya kaka yangu.

Leo mtoto ana miaka kumi na anasoma. Juu ya rafu, pembeni ya Msahafu, liko daftari la kurasa 64 ambalo daktari alituomba tuliandike: tarehe, saa aliyolala, saa aliyoamka, alichofanya, kwa dakika ngapi, alichokunywa jioni ile. Kurasa za kwanza ni mwandiko wangu. Baadaye kuna mwandiko wa mke wangu, ulio mzuri kuliko wangu. Mara mbili tulichukua picha ya mwendo kwa simu, tukamwonyesha daktari peke yake, kisha tukaifuta, kwani aibu ya mtoto nayo ni amana. Na kwenye ukurasa mmoja, mwaka jana, kuna mstari ulioandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda na mama yangu, aliyejifunza kuandika katika madarasa ya watu wazima. Usiku ule sisi wawili tulikuwa tumesafiri. Ameandika tarehe, kisha: AMELALA MPAKA ASUBUHI. MIMI SIKULALA, NILIKUWA NATAZAMA.